Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi: Kliniki ya Kisukari Ambako Viatu Havivuliwi

Kwa Mganga Mfawidhi na Kamati ya Uendeshaji ya Hospitali,
Moshi, Kilimanjaro.

YAH: MIGUU, FIGO NA MACHO YA WAGONJWA WA KISUKARI KUTOPIMWA

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wagonjwa wa kisukari, walezi wao, na wauguzi wastaafu tunaowasindikiza kliniki kwako. Jina la hospitali hatulitaji humu. Wewe unaijua, nasi tunaijua, na tunaamini msomaji wa Himo, Same au Arusha ataiona kliniki yake humu humu. Tumetumia sanduku la maoni. Tumeandika barua mbili, zikagongwa mhuri masjala. Tumekaa kikao kimoja, tukaahidiwa majibu. Majibu hayajaja, ndiyo maana leo tunaandika hadharani, kwa heshima ile ile tuliyoingia nayo ofisini kwako.

Shida yetu ni hii: kliniki inapima sukari, haipimi kile ambacho sukari imekwisha kukifanya mwilini. Mgonjwa anafika saa kumi na mbili asubuhi hajala. Anapimwa uzito na presha, anatobolewa kidole, inaandikwa 7.8 au 14.2 kwenye daftari lake, chini yake "aendelee na dawa", kisha anakwenda kupanga foleni dirisha la dawa. Namba ile ni ya asubuhi ile tu. Aliyejibana siku tatu kabla ya kliniki anapata namba nzuri, aliyeshikwa na homa juzi anapata mbaya, na wote wawili wanarudi nyumbani bila mtu kujua neva zao (mishipa ya fahamu), figo zao na macho yao vikoje. Tangu mgonjwa anaingia getini hadi anatoka, viatu vyake viko mguuni.

1. MIGUU HAIKAGULIWI

Hili tunalitanguliza kwa sababu ndilo linalotuuma zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha.

Sukari ikikaa juu kwa miaka inaua neva, kuanzia ncha za vidole vya miguu na kupanda juu. Wapo wanaosikia nyayo zinawaka moto usiku mpaka hawawezi kuvumilia shuka. Hao angalau wanalalamika, wanasikilizwa. Wa kuogopewa ni yule ambaye hasikii chochote. Neva zikifa, jasho nalo linakoma, ngozi ya kisigino inakauka na kupasuka. Misuli midogo ya mguu inanyong'onyea, vidole vinajikunja kama makucha, na uzito wote wa mwili unaangukia mahali padogo chini ya kidole gumba. Hapo panaota sugu. Sugu ile ikikandamizwa kila hatua inavilia damu kwa chini, na siku inapopasuka mgonjwa anadhani kidonda ni cha leo, kumbe kina wiki kadhaa.

Mazingira yetu yanaongeza yake. Julai, huko Machame na Kibosho, wazee wanaota moto jikoni. Mguu wenye ganzi unaungua karibu na mafiga na mwenyewe haondoki. Mkulima wa mpunga wa Chekereni anashinda peku ndani ya maji, ngozi inalainika kama karatasi iliyoloa. Buti la mvua la shambani linahifadhi kokoto siku nzima. Mwiba unapenya ndala hadi kwenye nyama na mtu anaendelea kutembea nao. Kiatu cha mtumba kutoka soko la Memorial kinanunuliwa asubuhi, miguu ikiwa haijavimba, jioni kinabana na kuchuna. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wasiamke. Ambaye hajui kwamba ana ganzi hawezi kujihadhari na lolote kati ya haya, na ganzi hiyo hataijua kwa kuulizwa "una shida yoyote?". Lazima apimwe.

Kipimo chenyewe hakihitaji umeme wala dawa. Kipo cha kidole, kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa avue viatu na soksi, alale au anyooshe miguu, afumbe macho. Mpimaji aguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja hadi mbili, ncha za vidole sita: kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Asibonyeze, asigonge, asipapase. Mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto" anaposikia. Asiposikia, asiguswe tena palepale, maana mguso wa pili unamzindua na kuharibu kipimo. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, ana ganzi ya kumweka hatarini. Muda wake ni kama dakika moja.

Upo pia uzi wa nailoni wa gramu 10, unaobonyezwa kwenye ngozi mpaka upinde. Huo unaguswa kwenye kidole gumba na chini ya shina la kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano. Usiwekwe juu ya sugu, maana pale hata mzima hasikii. Mgonjwa aonjeshwe kwanza kwenye mkono ili ajue anachosubiri. Uzi uliokwisha kupima watu 10 upumzishwe saa 24, la sivyo unalegea na kuanza kudanganya.

Kisha ipapaswe mishipa miwili ya damu kila mguu: mmoja juu ya mguu, kando ya kano inayoinua kidole gumba, wa pili nyuma ya kifundo cha ndani. Yatazamwe maganda ya katikati ya vidole, kucha zilizoingia nyamani, sugu, nyufa, na kiatu chenyewe kwa ndani. Hapo mkaguzi amemaliza, na anajua la kufanya: mwenye hisia na mapigo mazuri arudi kukaguliwa baada ya mwaka, mwenye ganzi peke yake, kila miezi 6 hadi 12, mwenye ganzi pamoja na vidole vilivyojikunja au mapigo hafifu, kila miezi 3 hadi 6, aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole, kila mwezi hadi miezi 3. Huyu wa mwisho hapa kwako anapewa tarehe ile ile ya miezi mitatu kama mtu aliyegundulika wiki jana, na akifika anatobolewa kidole na kuondoka.

2. CHUMBA CHA VIDONDA KINAFUNGA BANDEJI, HAKITIBU KIDONDA

Kidonda cha chini ya mguu wenye ganzi hakiponi kwa sababu mwenye kidonda anakikanyaga. Kila siku anakuja kufungwa bandeji safi, kisha anakitembelea hicho hicho kutoka Uru hadi stendi kwa ndala. Dawa yake ya kwanza ni kuondoa uzito: plasta maalumu, ile watu wanayoiita hogo, endapo damu inafika vizuri na hakuna uambukizo mkubwa, ikikosekana, felti nene inayokatwa na kubandikwa kuzunguka kidonda ili kidonda kisiguse chini, pamoja na magongo. Hatujawahi kuona kimojawapo kikitolewa.

La pili ni kisu. Sugu na nyama iliyokufa pembezoni mwa kidonda viondolewe hadi kwenye nyama yenye damu, la sivyo kidonda unachokiona ni mdomo wa shimo tu. La tatu ni kupima kina. Chuma butu kilichochemshwa kikiingizwa taratibu na kugonga kitu kigumu, huo ni mfupa, na uambukizo wa mfupa unapaswa kushukiwa hata kama eksirei haionyeshi kitu. Wiki mbili za mwanzo eksirei mara nyingi huwa safi, na inafaa irudiwe. Tumeona eksirei moja safi ikitumiwa kumrudisha mtu nyumbani na vidonge vya siku saba.

Tunaomba pia haidrojeni peroksaidi iachwe kumiminwa kila siku. Inachemka, inaonekana inafanya kazi, lakini inaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Maji ya chumvi ya hospitali yanatosha. Na mgonjwa aambiwe waziwazi asifungue kapsuli na kunyunyiza unga wake kidondani. Wengi wanafanya hivyo, na hawajasikia katazo popote.

Zipo dalili ambazo haziwezi kungoja siku ya kliniki: wekundu uliotambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, harufu, usaha, rangi nyeusi, homa, au sukari kupanda ghafla bila sababu. Mtu wa namna hiyo alazwe au apewe rufaa siku hiyo hiyo. Na upo mguu mwingine unaopita bila kutambuliwa: umevimba, ni wa moto, mwekundu, ngozi haina jeraha, na hauumi sana. Unaitwa gauti, unapewa vidonge. Kwa mwenye ganzi, huo uchukuliwe kwanza kuwa mguu wa Charcot, yaani mifupa inavunjika ndani kimyakimya. Ukipimwa joto na kuzidi mwenzake kwa nyuzi 2, mgonjwa asiukanyage tena mpaka ufungwe plasta. Akiendelea kutembea wiki sita, upinde wa mguu unaporomoka, na haurudi.

3. FIGO ZINAPIMWA ZIKIWA ZIMECHELEWA

Hapa mkojo unapimwa kwa kijiti cha kawaida, na "protini hakuna" inaandikwa kama habari njema. Kijiti hicho kwa kawaida huanza kubadilika rangi albumini, yaani protini ya damu inayovuja kwenye mkojo, ikikaribia miligramu 300 kwa siku. Figo ya mwenye kisukari huanza kuvuja mapema zaidi, kwenye miligramu 30, na kati ya 30 na 300 ndipo dawa inapookoa zaidi. Kipimo kinachohitajika ni uwiano wa albumini na kreatini (creatinine, taka inayochujwa na figo) kwenye mkojo wa asubuhi, mara moja kwa mwaka. Kisifanywe mgonjwa akiwa na homa, UTI au hedhi. Kikizidi 30, yaani miligramu za albumini kwa kila gramu ya kreatini, kirudiwe. Viwili kati ya vitatu ndani ya miezi mitatu hadi sita vikiwa juu, jibu limepatikana.

Kreatini ya damu nayo isomwe pamoja na umri. Kreatini ya mikromoli 110 kwa kijana wa kiume wa miaka 30 ni figo inayochuja karibu mililita 80 kwa dakika. Namba hiyo hiyo kwa bibi wa miaka 75 ni karibu 45. Maabara inaandika "kawaida" kwa wote wawili, na bibi anaendelea na dawa ya sukari, metformini, dozi kamili hadi siku atakayoanguka. Namba ya uchujaji ikishuka chini ya 45 dozi iangaliwe upya; chini ya 30 metformini isimamishwe.

Mwenye albumini kwenye mkojo na presha anahitaji dawa ya presha ya enalapril au losartan, mojawapo, si zote mbili, na asipewe mjamzito. Kreatini na potasiamu zipimwe wiki moja hadi mbili baada ya kuanza. Kreatini kupanda hadi asilimia 30 inavumilika. Wagonjwa wengi wanaacha enalapril kwa sababu ya kikohozi kikavu na hawasemi. Wakiulizwa, wangebadilishiwa losartan siku hiyo. Hawaulizwi. Wakati huo huo dirisha lile lile linawapa diclofenac kwa maumivu ya magoti, mwezi baada ya mwezi, na diclofenac inabana damu inayoingia kwenye figo hizo hizo. Figo zikishindwa, kinachobaki ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Hilo ofisi yako inalijua kuliko sisi.

4. MACHO

Chati ya herufi inapima uwezo wa kuona. Haipimi retina, utando wa nyuma ya jicho. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho akiwa na mishipa ya retina inayovuja, na siku inapopasuka anaona wingu jeusi asubuhi moja. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kukaguliwa retina siku anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza, kuanzia miaka mitano baada ya kugundulika. Matone ya kupanua mboni yanachukua dakika 20 hadi 30, na mgonjwa aambiwe mapema aje na mtu, kwani ataona ukungu kwa saa kadhaa na asiendeshe pikipiki. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko mji huu huu. Tunachokosa ni karatasi ya rufaa na orodha ya nani amekwenda na nani bado.

Jambo dogo ambalo lingeokoa fedha za watu: mgonjwa mpya ambaye sukari yake inapanda na kushuka asinunue miwani. Lenzi ya jicho inavimba na kusinyaa kufuata sukari. Asubiri wiki kadhaa itulie.

5. MIGUU INAYOWAKA MOTO INATIBIWA KWA MAZOEA

Kila anayelalamika anapewa vidonge vya vitamini na diclofenac. Amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku inawasaidia wengi, na wazee waanzie chini. Vitamini B12 ina mahali pake, kwa sababu metformini ya miaka mingi huipunguza mwilini na upungufu huo nao huleta ganzi, lakini apewe aliyepimwa au mwenye sababu ya kushukiwa.

MAJIBU AMBAYO TUMEWAHI KUPEWA

"Hatuna vifaa." Kidole cha muuguzi kipo. Taa ipo. Benchi na mkeka vipo, na kama havipo tutavileta.

"Wagonjwa ni wengi." Tupige hesabu pamoja. Wagonjwa 40, dakika tatu kila mmoja, ni saa mbili za muuguzi mmoja. Tena si lazima wote 40 siku moja: wakikaguliwa 10 kila kliniki, kwa saa nusu, orodha yote inazunguka. Viatu vivuliwe kwenye benchi la kusubiri, mgonjwa afike kwa mkaguzi akiwa tayari. Saa zile za kungoja majibu ya sukari zipo tayari, zinapotea bure.

"Hiyo ni kazi ya hospitali ya rufaa." Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingia kwenye mradi wa Step by Step, ambao Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mradi ule uliwachukua daktari na muuguzi, wawili wawili, kutoka kliniki za kawaida na kuwafundisha kukagua na kutibu miguu huko huko waliko. Maarifa hayo yamo nchini mwetu tangu wakati huo. Hospitali ya rufaa inapokea mguu ukiwa mweusi kwa sababu huku chini haukuvuliwa kiatu.

"Wagonjwa wenyewe hawafuati masharti." Baadhi yetu ni kweli, na tunakubali kusemwa. Lakini utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, UKPDS, uliotoa matokeo yake 1998, ulionyesha kwamba kushusha presha hadi wastani wa 144/82, ukilinganisha na wenzao waliobaki kwenye 154/87, kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44 na madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Hapa presha ya 158/92 imeandikwa kwenye madaftari ya watu kliniki nne mfululizo, dawa ni ile ile, dozi ni ile ile. Sharti hilo halikuwa la mgonjwa kulifuata.

TUNACHOOMBA

a) Kuanzia mwezi ujao kila mgonjwa avuliwe viatu na kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye ganzi kwa ratiba tuliyoitaja hapo juu.

b) Utengenezwe mhuri wa daftari wenye visanduku vitano: miguu, macho, albumini ya mkojo, kreatini, na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kila kisanduku kiwe na tarehe. Kilicho wazi kionekane kwa mgonjwa, kwa muuguzi na kwa daktari.

c) Muuguzi mmoja ajulikane kuwa wa miguu, apelekwe mafunzo, na asihamishwe wodi kila baada ya miezi miwili. Chumba cha vidonda kipatiwe felti, visu na chuma cha kupimia kina.

d) Dalili za hatari tulizozitaja zibandikwe mapokezi na getini, kwa Kiswahili, ili mlinzi asimwambie mtu mwenye mguu unaonuka arudi siku ya kliniki.

e) Kila robo mwaka mbandike ubaoni namba tatu: wagonjwa waliohudhuria, waliokaguliwa miguu, na waliokatwa kidole au mguu. Majina hatuyataki.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Wauguzi wastaafu waliomo kati yetu wako tayari kuja Jumamosi yoyote kuonyesha kipimo cha kidole kwa zamu nzima, bila malipo. Viatu tutavivua wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wagonjwa wa kisukari na walezi wao,
Moshi.